TB na kisukari Nyanda za Juu Kusini: maswali na majibu

Kisukari na TB vinakutana wapi?

Sukari ikikaa juu muda mrefu, kinga ya mwili hulegea, na vijidudu vya TB vilivyolala mapafuni huamka. Mwenye kisukari ana hatari ya kuugua TB mara 2 hadi 3 ya asiye nacho. TB nayo hupandisha sukari.

Mazingira yetu yanachangia nini?

Mengi. Baridi ya Makete na Mufindi huwafanya watu wafunge madirisha na kujikusanya jikoni, na hewa isiyotembea hubaki na vijidudu muda mrefu baada ya mgonjwa kukohoa. Kilabuni watu huogopa kuchangia kikombe cha ulanzi. Kikombe hakiambukizi TB. Hatari ni chumba kilichojaa watu, kisicho na dirisha. Chunya, vumbi la mawe kwenye makarasha ya dhahabu huharibu mapafu, na TB hupata njia. Mjini Mbeya, kazi za kukaa kutwa, soda na chipsi huongeza kisukari.

Nipimwe lini?

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, peleka makohozi. Usiridhike kuambiwa "ni sukari tu": kukonda na kuchoka ni dalili za magonjwa yote mawili. Ukigundulika na TB, omba kipimo cha sukari. Kabla ya kula chochote asubuhi, sukari ya 7.0 mmol/L au zaidi ni kisukari, lakini kipimo kirudiwe siku nyingine, na tena matibabu yakiendelea, kwani TB yenyewe huweza kuipandisha kwa muda.

Dawa zinagongana?

Ndiyo, na hapa ndipo wengi huumia. Rifampisini, dawa ya TB, hupunguza nguvu ya glibenklamaidi, kidonge cha kisukari: mgonjwa anameza vidonge vyake vizuri, sukari inapanda, kisha analaumiwa kwa chakula. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, haidhoofishwi hivyo. Daktari ndiye abadilishe dozi. Isoniazidi, dawa nyingine ya TB, ikikutana na kisukari, huleta ganzi miguuni. Ulizia vitamini B6. Dozi ya TB ikiisha, kwa kawaida baada ya miezi 6, rudi kliniki dozi ya glibenklamaidi ipitiwe upya, maana nguvu yake hurudi na sukari yaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuzimia.

Kliniki ni mbili na nauli ni moja, nifanyeje?

Dawa za TB ni bure, ila vipimo vya sukari mara nyingi hulipiwa. Anayetoka kijijini Ileje amwombe mhudumu wa TB ampangie kliniki zote mbili siku moja.