Kopo la dawa halimalizi mende: dhana potofu kuhusu wadudu na panya wa nyumbani

Mtu akiona mende jikoni, kitu cha kwanza anachokimbilia ni kopo la dawa. Anapuliza, mende anageuka chali, kazi imekwisha. Baada ya wiki chache wamerudi wakiwa wengi zaidi, na lawama zote zinaangukia dawa: eti siku hizi zinachakachuliwa. Huenda zipo zinazochakachuliwa. Lakini hata iliyo halali hufika pale tu unapopuliza, na mende wengi wa nyumba yako hujawahi kuwaona.

Dhana: Nyumba safi haiingii wadudu

Usafi unapunguza nzi, sisimizi na mende, hilo halina ubishi. Kunguni, hata hivyo, hana habari na sakafu yako inavyong'aa. Chakula chake ni damu, na anakufuata kwa joto la mwili na hewa ya kabonidayoksaidi unayoitoa ukipumua. Hana mabawa wala haruki kama kiroboto, kwa hiyo husafirishwa: ndani ya begi la safari, kwenye godoro au kochi la mtumba, kwenye nguo zilizorundikwa pamoja na za mtu mwingine. Kwa maoni yangu, aibu ndiyo inayomlea kunguni kuliko uchafu, kwa sababu familia inayoficha habari zake humpa miezi ya kutambaa kutoka chumba hadi chumba. Matandiko yafuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 au zaidi, au yakaushwe kwenye mashine yenye joto kali kwa nusu saa. Joto huua wakubwa na mayai pia.

Fukusi naye anaingia akiwa amebebwa. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani na kuziba tundu, kisha buu hukua humo humo akila. Unaponunua nafaka inayoonekana nzima, huenda tayari ina wapangaji. Iweke kwenye friza kwa siku nne hadi wiki moja, halafu uihifadhi kwenye chombo cha kioo au plastiki ngumu chenye mfuniko unaobana. Mfuko wa plastiki laini hutobolewa.

Hata kwa mende, wengi hufagia makombo wakasahau maji. Anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula maadamu maji yapo. Yakikosekana, hufa mapema zaidi. Bomba linalodondosha chini ya sinki usiku kucha linawafaa kuliko sahani isiyooshwa. Anza na bomba.

Dhana: Dawa nzuri ni ile inayoua papo hapo

Hii ndiyo dhana inayogharimu watu fedha nyingi kuliko zote. Mende mdogo wa kahawia anayejulikana kama mende wa Kijerumani ndiye anayesumbua majiko mengi duniani. Jike lake hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 na hukishikilia mpaka yanapokaribia kuanguliwa. Ganda la kifuko huyakinga mayai dhidi ya dawa, kwa hiyo unaweza kuua wakubwa wote walio wazi na bado kizazi kipya kikatoka. Zaidi ya hapo, dawa nyingi za kupuliza huwafukuza kabla ya kuwaua: wanajichimbia ndani zaidi ya nyufa, au wanahamia kwa jirani wa ukuta mmoja, na jirani akipuliza wanarudi kwako.

Chambo kinachoua polepole hufanya kinyume. Mende hula, hurudi mafichoni, hufia huko, na wale wadogo ambao hawatoki hovyo hula kinyesi na mizoga yenye sumu. Kwa hiyo weka matone madogo ya jeli mahali pengi: bawaba za makabati, nyuma ya friji, chini ya sinki, pembeni mwa jiko. Usipulize dawa karibu na chambo, maana harufu yake itawafanya wasikiguse.

Tena, usitegemee aina moja ya chambo miaka yote. Mwaka 1993 watafiti walieleza kuhusu mende waliokuwa wakikwepa chambo chenye sukari ya glukosi, na mwaka 2013 sababu ikajulikana: kwa mende hao, glukosi huamsha pia chembe za mdomoni zinazohisi uchungu. Tabia hiyo hurithiwa. Waliopenda utamu walikufa, waliouchukia wakazaa.

Vipi makopo yanayofyatuliwa katikati ya chumba, yakajaza ukungu nyumba nzima? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina uliochapishwa mwaka 2019 uliyapima katika makazi halisi ya watu. Mende hawakupungua, huku sumu ikibaki kwenye sakafu na meza za jikoni. Miaka saba kabla yake, watafiti wa Ohio walikuwa wameona jambo hilo hilo kwa kunguni. Ukungu hutua juu ya vitu wakati mdudu amejificha ndani ya ufa.

Sisimizi nao wana hila yao. Wale unaowaona wakiandamana ukutani ni wafanyakazi tu. Malkia yuko kiotani. Jamii fulani, kama sisimizi wadogo wa rangi ya manjano wapendao majengo, zikipulizwa dawa hugawanyika na kuanzisha viota vipya kadhaa. Waache wabebe chambo kitamu chenye sumu kidogo hadi nyumbani kwao, hata kama inauma kuwatazama wakipita.

Dawa za shambani zisiingie ndani kabisa. Zimetengenezwa kwa hewa ya wazi, na chumba chenye mtoto anayetambaa si shamba.

Dhana: Ukiwa na paka, panya wamekwisha

Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya kufuatilia panya wakubwa na paka wa mitaani katika kituo kimoja cha taka huko New York. Paka waliua wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Panya walijifunza kujificha, hivyo wakaonekana mara chache, na mtu asiyechunguza angesema wameisha. Panya wadogo paka huwakamata zaidi, ila hawezi kuwafuata ndani ya ukuta.

Kinachofanya kazi ni kuziba. Panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi, mkubwa kwenye la milimita 12. Zungukia nyumba ukitazama mahali mabomba na nyaya zinapopenya ukutani, na chini ya milango. Tumia saruji, bati, au waya laini wa chuma ule wa kusugulia masufuria. Povu la kuzibia na mbao pekee hutafunwa, kwa kuwa meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote. Mtego uwekwe ukigusana na ukuta, ndiko wanakopita. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo muachie mtego wenye chakula bila kuutega kwa siku kadhaa. Na jibini ya kwenye katuni isahau. Siagi ya karanga huwavuta zaidi.

Dhana: Kifaa cha sauti au naftalini vinatosha

Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kutoa mawimbi yasiyosikika kwa binadamu havijathibitika kufukuza wadudu kwa namna ya kutegemewa. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, ni ya nondo wa nguo, ndani ya chombo kilichofungwa. Ikitawanywa vyumbani, mvuke wake ni sumu, na watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu, wanaweza kuvunjikiwa chembe hizo.

Dhana: Wadudu wana msimu wao, nje ya hapo tulia

Msimu hubadilisha nani anakuja tu. Mvua huwatoa chini ya ardhi, ukame huwaleta kutafuta maji, baridi huwaingiza panya kutafuta joto. Mayai ya mbu aina ya Aedes hukaa yamekauka kwa miezi mingi kwenye kuta za ndoo na kuanguliwa maji yakirudi, ndiyo maana chombo kisuguliwe, kumwaga maji pekee hakutoshi.

Mchwa ndio hawapumziki kabisa. Kumbikumbi wakitokea ndani ya ukuta au sakafu, si wageni waliovutwa na taa. Kagua msingi wa nyumba kutafuta vijia vya udongo. Bomoa kipande kidogo na urudi baada ya siku chache: kikiwa kimejengwa upya, wanafanya kazi. Kisipojengwa, bado gonga mbao zilizo karibu usikilize kama ni tupu, kwani huenda wamepata njia nyingine. Hapo ndipo fundi wa mchwa anapostahili malipo yake, maana kiota chenyewe kinaweza kuwa nje kabisa ya kuta zako.