Je, Wajua kwa Nini Msaada Huongezeka Nchi Inapoingia Baraza la Usalama?

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wajumbe 15, watano wa kudumu na kumi wanaochaguliwa kwa kipindi cha miaka miwili. Mwaka 2006 wachumi Ilyana Kuziemko na Eric Werker walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa nchi inayokalia kimojawapo cha viti hivyo kumi hupata msaada wa Marekani unaozidi ule wa kawaida kwa takriban asilimia 59, na kwamba ziada hiyo hutoweka nchi inapomaliza zamu yake. Umaskini haufuati kalenda ya Baraza. Kinachopanda na kushuka ni thamani ya kura.

Yemen iliyaona hayo kwa upande wa adhabu. Tarehe 29 Novemba 1990, Baraza lilipoidhinisha matumizi ya nguvu kuiondoa Iraq nchini Kuwait, Yemen, nchi pekee ya Kiarabu barazani wakati huo, ilipiga kura ya kupinga. Mwanadiplomasia wa Marekani alimwambia balozi wa Yemen, Abdullah al-Ashtal, kwamba hiyo ingekuwa kura ya ghali kuliko zote alizowahi kupiga, na haukupita muda mrefu kabla msaada wa takriban dola milioni 70 haujakatwa. Aliyenyanyua mkono ni balozi, lakini waliokosa msaada ni wananchi ambao hawakuulizwa lolote.

Si kila fedha inayovuka mpaka ni hongo. Serikali inayofadhili redio au masomo kwa jina lake yenyewe humwachia msikilizaji uhuru wa kukubali au kukataa, na sheria ya Marekani ya mwaka 1938 inayowataka mawakala wa serikali za kigeni wajiandikishe imejengwa juu ya hoja hiyohiyo ya uwazi.

Wapo wanaouliza, na swali lao ni zito, kwa nini nchi ndogo isiuze kura ikiwa haina kingine cha kuuza. Nauru, kisiwa chenye watu wapatao 12,000, kimehamisha uhusiano wake wa kidiplomasia kati ya Taiwan na China mwaka 2002, 2005 na 2024. Siwezi kuilaumu Nauru kama ninavyomlaumu mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi ndiye mwenye hiari kamili: anaweza kutoa msaada uleule bila kudai kura, lakini anachagua kudai.