Kiingereza kisichotaja jinsia: "yeye" anapogeuzwa "he"

Chukua tangazo la mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: "Kila mvuvi aje na leseni yake." Msomaji hajui kama mvuvi huyo ni mwanamume au mwanamke, wala hajiulizi. Likitafsiriwa ili mnunuzi wa minofu kutoka nje naye alisome, mara nyingi linatoka hivi: "Every fisherman must bring his licence." Hapo "fisherman" na "his" yameongeza habari ambayo Kiswahili hakikuisema. Mwanamke mwenye mtumbwi wake pale Kirumba, Mwanza, anayeajiri vijana na kulipia leseni kwa jina lake, hayumo.

Kiingereza kisichotaja jinsia ni kile kinachoacha kutaja kama mtu ni mwanamke au mwanamume pale ambapo hilo halijulikani au halihusiki. Sisi tunaotumia "yeye", "a-" na "-ake" kwa mtu yeyote tunayo tabia hiyo tangu utotoni. Shida inaanza tunapovuka kwenda Kiingereza, kwa sababu huko umoja unadai uchague kati ya "he" na "she". Desturi ya zamani ilikuwa kuandika "he" na kudai kwamba wanawake wamo humo; Bunge la Uingereza liliiweka hata katika sheria mwaka 1850.

Tangazo letu lina tiba tatu. Iliyo salama zaidi ni wingi: "All fishers must bring their licences." Ya pili ni kuondoa kabisa neno la umiliki: "Every fisher must bring a licence." Ya tatu ni "they" ya mtu mmoja: "Every fisher must bring their licence." Wapo walimu wanaoikata hii kwa kalamu nyekundu, lakini imeandikwa tangu karne ya 14, na mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), unaofuatwa na vyuo vingi, uliikubali rasmi mwaka 2019. Kitenzi chake hubaki cha wingi hata kama mtu ni mmoja: "they are", kamwe si "they is". "He/she" si kosa, ila ikirudiwa mara nne katika aya moja inachosha kama barabara yenye matuta.

Usichanganye jambo hili na kosa letu la kawaida, la kuanza na "my mother" kisha kuendelea na "he". Hilo ni kuteleza tu. Mtu unayemjua mwandikie kiwakilishi chake, na kisibadilike njiani.

Majina ya kazi ni mepesi. "Fisher" badala ya "fisherman", "police officer" badala ya "policeman", "chairperson" au "chair" badala ya "chairman" na ile "chairlady" tunayoipenda kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. "Manpower" iwe "staff" au "workers". Lakini usikimbilie kila "man": "manager" asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya mkono, kwa hiyo liache lilivyo.

Kwenye barua, "Dear Sir" kwa mtu usiyemjua ni kubahatisha. Andika cheo: "Dear Manager". Mwanamke ambaye hujui kama ameolewa ni "Ms", linalotamkwa "miz". Ndugu yetu "Ndugu", anayetosha kwa wote, Kiingereza hakina wa kumlinganisha naye aliyezoeleka hivyo.

Mahali jinsia inapohusika, itaje. Tangazo la kliniki ya wajawazito, au takwimu za wanawake wanaoanika dagaa, likifanywa la "people" linapoteza kile kilichokusudiwa. Na "they" nayo ina mtego wake: "The captain told the crew that they were late." Nani amechelewa, nahodha au mabaharia? Hapo rudia jina: "that the crew was late."