Utani wa ofisini

Ninafundisha na kutafiti menejimenti ya rasilimali watu hapa Dodoma, na swali ninaloulizwa mara nyingi na maofisa utumishi ni la hesabu: wanawake wawe wangapi, watu wenye ulemavu wangapi, vijana wangapi. Hesabu hiyo siidharau, kwa kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi, kuanzia 2016, ofisi nyingi za mji huu zimejaa watu wa kila pembe ya nchi bila ya mtu kukaa chini na kupanga iwe hivyo. Mchanganyiko tunao. Kinachonishughulisha ni yale yanayotokea watu wakishaketi meza moja.

Mwaka 2011 mtafiti wa menejimenti Lynn Shore na wenzake walitoa maelezo ya ujumuishi kazini ambayo mpaka leo nayaona yana manufaa kuliko mengi yaliyofuata: mfanyakazi amejumuishwa pale anapohesabiwa kuwa mwenzetu na, papo hapo, kile kinachomtofautisha kikathaminiwa. Akipata la kwanza akakosa la pili, yumo, ila kwa sharti la kufanana na wengine.

Nilipoanza kuhudhuria vikao kama mtazamaji, daftari mkononi, nilitarajia kukutana na ubaguzi wa waziwazi, na badala yake nikakutana na utani. Katika ofisi moja, kijana wa masjala, Mgogo kutoka Bahi, alinyoosha mkono mara mbili katika kikao cha Jumatatu, na mara zote mbili mkuu wake akauliza kwa sauti ya uchangamfu kama leo Mgogo naye ana neno. Watu walicheka. Kijana naye alicheka, akashusha mkono, na muhtasari wa kikao haukuandika chochote juu yake. Baadaye aliniambia alichotaka kusema: majalada mawili yalikuwa yamepewa namba moja, na barua zilikuwa zinaingia pasipo pake.

Mkuu wake, tulipozungumza, hakuwa na ubaya wowote moyoni, na ninamwamini. Alinieleza kwamba wao ni watani tu, na kwamba hata kijana humtania. Nilimwomba anikumbushe ni lini alitaniwa mara ya mwisho. Alinyamaza kwa muda mrefu, akafungua droo, akaifunga.

Utani wa makabila ninaufahamu tangu utotoni na sitaki kuusingizia. Mtani wa jadi huja msibani akafanya vituko mbele ya wafiwa, lakini ni huyohuyo anayeshika kazi ambazo wafiwa hawana nguvu za kuzifanya. Tena neno analolitoa hurudishiwa siku hiyohiyo, pengine kali zaidi, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ni deni la pande mbili. Ukiuhamishia kati ya mtu na yule anayemjazia fomu ya tathmini ya utendaji, upande mmoja wa deni unafutika, na kinachobaki kinafanana mno na kile ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakikataza inapotaja kabila na mahali mtu anapotoka, na inapouhesabu unyanyasaji wa misingi hiyo kuwa ni ubaguzi. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa, nami sijawahi kusoma mpango unaogusa utani.

Kwa hiyo nimebadili daftari langu. Zamani nilikuwa naandika nani amezungumza na kwa dakika ngapi. Sasa nimeongeza safu ya tatu: aliyetaniwa, je, alimrudishia? Katika vikao vya karibuni safu hiyo, wakuu wanapokuwapo, imebaki karibu tupu.