Utambulisho wa picha wa shindano la nyimbo: mfano wa Eurovision

Utambulisho wa picha ni jumla ya vitu vinavyomfanya mtazamaji alijue tukio hata kabla hajasikia jina lake: nembo, rangi, aina ya maandishi, michoro inayopita kwenye skrini, mapambo ya jukwaa, hata sura ya tiketi. Nembo ni sehemu yake tu, ingawa ndiyo inayokumbukwa zaidi.

Benki huweza kuchagua nembo moja ikaitumia miaka na miaka. Shindano linalohama nchi halina raha hiyo. Eurovision ilianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, ikiwa na nchi 7. Kwa kawaida nchi inayoshinda ndiyo huandaa mwaka unaofuata, na kwa miongo mingi kila mwenyeji alijichorea nembo yake. Ukizitazama za zamani kwa pamoja, ni vigumu kuamini kwamba ni za tukio moja.

Mwaka 2004, shindano lilipofanyika Istanbul, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, unaosimamia shindano hilo, ulileta nembo ya kudumu: jina Eurovision, na mahali pa herufi V pakakaa moyo. Ndani ya moyo huo ikawa inawekwa bendera ya nchi mwenyeji. Maandishi yalirekebishwa mwaka 2014, moyo ukabaki.

Tangu hapo utambulisho ukawa na matabaka mawili: nembo ya kudumu, na juu yake sanaa ya mwaka husika, ambayo televisheni ya nchi mwenyeji huibuni. Lisbon mwaka 2018 ilitumia michoro ya ganda la konokono wa baharini na viumbe wengine wa baharini. Rotterdam mwaka 2020 ilichora duara lenye rangi za bendera za nchi 41, zikifuatana kwa mwaka ambao kila nchi ilishiriki mara ya kwanza, ingawa shindano lenyewe lilifutwa kwa sababu ya korona. Inayonipendeza zaidi mimi ni ile ya Kyiv ya mwaka 2017, iliyotokana na mkufu wa jadi wa Ukraine ambao kila ushanga una nakshi yake, chini ya kaulimbiu ya kusherehekea utofauti. Mchoro wa namna hiyo una faida kubwa: mkufu mzima hujaza bango la barabarani, na ushanga mmoja peke yake bado unaeleweka kwenye kona ya skrini ya simu.

Lakini uzito wa alama hizi ulionekana hasa mwaka 2023. Ukraine ilikuwa imeshinda mwaka uliotangulia, ila kwa sababu ya vita haikuweza kupokea wageni, na Uingereza, iliyoshika nafasi ya pili, ikaandaa kwa niaba yake mjini Liverpool. Ndani ya moyo ikawekwa bendera ya Ukraine, si ya Uingereza. Hakuna hotuba ambayo ingesema jambo hilo waziwazi zaidi, na kila aliyewasha televisheni aliliona.

Kaulimbiu ya Liverpool, kwamba muziki unatuunganisha, ilifanywa ya kudumu kuanzia 2024. Kisha mwaka 2025 ikatangazwa nembo mpya kwa ajili ya shindano la 70, lililopangiwa Vienna mwaka 2026. Maandishi yamebadilika, na moyo umechorwa upya kwa matabaka 70, ukapewa jina la Moyo wa Kinyonga kwa kuwa unaweza kubadili rangi na sura kulingana na mahali unapotumika.