PrEP kama daraja: maana yake kwa wenzi wenye hali tofauti za VVU

Mke na mume wanapimwa siku moja, majibu yanatoka mawili: mmoja anaishi na virusi, mwenzake hana. Wahudumu wa afya huwaita wenzi wenye hali tofauti. Nairobi hawakosi, na wengi hugundulika mke anapoanza kliniki ya wajawazito, kwa kuwa huko kupimwa ni sehemu ya huduma. Wanaume wengi huchukulia majibu ya mke kuwa ndiyo yao pia, wakaacha kupimwa. Wakishapimwa na majibu yakatofautiana, maneno ya kwanza nyumbani huwa ya lawama: ulivitoa wapi? Kisha aje shangazi na maelezo yake, kwamba mashine imekosea, au kwamba huyo mwingine anavyo ila bado vimejificha.

Ukweli ni kwamba virusi haviambukizwi katika kila tendo la ndoa. Kinachoamua zaidi ni wingi wa virusi katika damu ya aliye navyo. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2000, ulifuatilia jozi 415 za wenzi wa namna hii, na pale virusi vilipokuwa chini ya 1,500 katika kila mililita ya damu hakuna mwenzi aliyeambukizwa. Basi mtu anaweza kuishi na mwenzake miaka na asiambukizwe, na bado hilo lisiwe kinga. Virusi vikipanda, hatari nayo inapanda.

Hapo ndipo dhana ya daraja inapoingia. PrEP ni vidonge vya ARV, yaani dawa za kudhibiti VVU, anavyomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Kuitumia kama daraja ni kuimeza kwa kipindi maalumu tu, tangu mwenzako anapojiandaa kuanza ARV hadi dawa zake zitakapokuwa zimeshusha virusi kiasi cha kutoweza kuambukiza. Ukifika hapo unaacha, na dawa za mwenzako ndizo zinazowakinga nyote wawili.

Kwa nini kipindi hicho kiwepo? Kwa sababu ARV hazimalizi kazi siku ya kwanza. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052, ulioongozwa na Myron Cohen wa Marekani na kushirikisha wenzi 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzake unapungua kwa asilimia 96. Dunia ikashangilia, na ilistahili. Lakini hata kwa waliokwisha kuanza dawa, maambukizi machache yalijitokeza, na yalitokea pale virusi vilipokuwa havijashuka au vilipopanda tena. Wiki na miezi ya mwanzo ni kipindi ambacho mtu anameza dawa kwa bidii, amepewa matumaini, na bado anaweza kuambukiza. Kwa maoni yangu ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, kwa kuwa watu wamekwisha kutulia.

Upande wa pili wa hesabu ulitoka huku kwetu. Utafiti wa Partners PrEP ulianza mwaka 2008 ukiwa na wenzi 4,758 wa Kenya na Uganda. Vituo vya Kenya vilikuwa Nairobi, Thika, Kisumu na Eldoret. Uliongozwa na Connie Celum na Jared Baeten wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wakishirikiana na watafiti wa Afrika Mashariki. Miongoni mwao ni Nelly Mugo, daktari wa magonjwa ya wanawake na mtafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, aliyesimamia kazi ya Thika. Asiye na virusi alipewa ama tenofovir peke yake, ama tenofovir pamoja na emtrisitabini, ama kidonge kisicho na dawa, bila yeye wala mhudumu kujua ni kipi. Julai 2011 kamati huru ya usalama ilishauri vidonge visivyo na dawa visimamishwe, kwani jibu lilikuwa tayari wazi: tenofovir ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na mchanganyiko kwa asilimia 75. Tena hizo zinahesabu hata waliopewa vidonge wasivimeze. Waliopimwa damu ikaonekana ina dawa walikuwa wamekingika zaidi.

Basi kukawa na dawa mbili zinazofanya kazi, moja kwa kila mwenzi. Kuwapa wote wawili dawa maisha yao yote kungekuwa kumwaga mali ambayo kwa miaka mingi imelipwa sana na wafadhili, na kumfanya mtu mzima wa afya ameze kidonge kila siku bila haja. Swali la watafiti likahama: PrEP ianze lini, na ikome lini? Kuanzia mwaka 2012 timu ileile ilifuatilia wenzi 1,013 katika Thika, Kisumu, Kampala na Kabwohe. Asiye na virusi alimeza PrEP hadi mwenzake atimize miezi sita ya ARV, kisha akaacha. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, waliambukizwa watu wawili pekee, ilhali bila mpango huo wangetarajiwa karibu 40. Na wale wawili, damu yao haikuwa na tenofovir walipogundulika.

Msomaji makini atauliza hao 40 walitoka wapi, na ana haki. Wakati huo haikuwa halali tena kumpa mtu kidonge kisicho na dawa ilhali dawa inajulikana, kwa hiyo watafiti walikadiria kutokana na mwenendo wa wenzi wa tafiti za awali. Ni makadirio, lakini pengo kati ya 2 na 40 ni pana mno kuwa bahati.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Virusi vikiingia katika chembe za kinga za CD4 hunakili maumbile yao ili yajichomeke katika ya chembe hiyo, na hutumia kimeng'enya chao wenyewe kufanya nakala. Tenofovir hujifanya tofali la nakala hiyo. Kimeng'enya kikilichukua, mstari unakatika hapo na nakala haikamiliki. Ndiyo maana kidonge lazima kiwe kimetangulia, na ndiyo maana siku kadhaa za kumeza hupita kabla ya mtu kuhesabiwa amekingika. PrEP huwa na dawa mbili. Matibabu ya kawaida ya Kenya leo yana tatu: tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Mtu mwenye virusi asiyejua akimeza PrEP tu, hizo mbili hazitoshi kuvidhibiti, na virusi vinaweza kujifunza kuzikwepa. Kupimwa kabla ya kuanza, na tena kila baada ya miezi mitatu, hakuna njia ya mkato.

Watu hukosea zaidi kwenye ile miezi sita. Si tarehe ya kuweka kwenye kalenda. Ni makadirio ya muda unaohitajika kwa mtu anayemeza dawa zake vizuri. Anayeamua ni kipimo cha wingi wa virusi, kile ambacho wateja wa CCC, kliniki ya matibabu ya VVU, hukifurahia kikisoma LDL, yaani virusi vimeshuka hata mashine haivioni. Mwenzako akirukaruka dozi kwa sababu ya safari, au ya ugomvi, au kwa kuwa bosi hampi ruhusa ya kwenda kuchukua dawa, miezi sita inaweza kwisha na virusi bado viko juu. Asiye na virusi basi anahitaji kujua majibu ya mwenzake, na mwenzake awe amekubali kuyasema. Wasiozungumza nyumbani hawana namna ya kujua wamefika ng'ambo.

Na daraja hili linahusu wawili tu. Katika utafiti mwingine wa timu hiyo kuhusu wenzi kama hawa, virusi vya walioambukizwa vililinganishwa na vya wenzi wao. Karibu robo ya maambukizi yalikuwa yametoka kwa mtu mwingine kabisa. Mwenye mpango wa kando, au anayehisi mwenzake anao, ana sababu ya kuendelea na PrEP hata LDL ikisomwa. Mshauri mzuri humwambia hivyo faraghani, bila kumhukumu. Wanaotafuta mtoto nao huendelea nayo hadi virusi vishuke. Inaruhusiwa wakati wa mimba na wa kunyonyesha.

Kenya ilizindua PrEP kitaifa Mei 2017, na katika vituo vya serikali hutolewa bure. Kikwazo kimekuwa aibu zaidi kuliko bei: foleni ni ile ya CCC, mkebe ni ule unaofanana na wa ARV, na vidonge hulia ndani yake mtu akitembea na mkoba kwenye matatu. Anayekuona hatauliza kama unatibiwa au unajikinga. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na ilipolegeza, ruhusa ya PrEP kwa fedha zake ilibaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Mume wa yule mke aliyepimwa kliniki hakuwa katika orodha hiyo.

Sasa kuna sindano ya kinga ya lenakapaviri, inayochomwa kila baada ya miezi sita. Katika utafiti wa PURPOSE 1 wa Afrika Kusini na Uganda, uliotangazwa mwaka 2024, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliochomwa aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Kwa wenzi hawa ni urefu wa daraja zima katika ziara moja, bila mkebe, pamoja na vidonge vichache vya siku mbili za mwanzo. Ila dawa hiyo hutoka mwilini polepole kwa miezi mingi baada ya kuacha, ikiwa haba mno kukinga lakini ya kutosha kuvizoesha virusi vipya. Kwa hiyo hata hapo, kabla ya kusema sindano ya pili haihitajiki, karatasi ya LDL ya mwenzako iwe imeonekana.