CD za Muziki Hudumu kwa Miaka Mingapi? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Watu wengi wenye makabati ya CD huamini mojawapo ya mambo mawili yanayopingana: ama diski hizo haziharibiki kamwe, ama zote huwa zimeoza baada ya miaka kumi au ishirini. Imani zote mbili ni potofu. Ile ya kwanza ilipandwa na matangazo ya biashara, kwani CD zilipoanza kuuzwa nchini Japani mwezi Oktoba mwaka 1982, zikiwa matunda ya ushirikiano wa Philips na Sony, zilisifiwa kuwa na sauti safi itakayodumu milele. Diski za miaka hiyo ya mwanzo zimekwisha kuvuka miaka 40, na nyingi zilizotunzwa vyema bado zinacheza bila kasoro, ilhali nyingine zilizozaliwa miaka kadhaa baadaye hazichezi tena. Umri peke yake hauelezi tofauti hiyo.

Dhana iliyoenea zaidi, na ambayo kwa maoni yangu imeharibu diski nyingi kuliko nyingine zote, ni kwamba upande unaong'aa ndio wa kulindwa, na upande wenye maandishi unaweza kulazwa popote. Ukweli ni kinyume. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene huo wote ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti. Vishimo vinavyobeba muziki vimechapwa kwenye uso wa juu wa plastiki hiyo, vikafunikwa na utando wa alumini ulio mwembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara, kisha vanishi, kisha wino wa maandishi. Kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa chini una plastiki nene ya kupitia kabla ya kuufikia muziki, na mara nyingi unaweza kusuguliwa ukaisha. Mkwaruzo wa upande wa maandishi huweza kuing'oa alumini yenyewe, na alumini iliyong'oka hairudishiki. Kalamu ya ncha kali, wino wenye kiyeyusho kikali na lebo za kubandika ni hatari kwa sababu hiyo hiyo.

Wapo pia wanaodhani kwamba CD huchakaa kwa kuchezwa mara nyingi, kama ilivyokuwa kwa santuri na kanda. Hakuna kinachoigusa diski ila mwanga hafifu wa leza, na mwanga huo hauli chochote.

Dhana nyingine inahitaji maelezo marefu kidogo: kwamba diski inayosikika vizuri ni nzima. Waliobuni CD walijua kwamba vumbi na mikwaruzo haviepukiki, hivyo wakaweka ndani yake taarifa za ziada na kuzitawanya, ili deki iweze kukokotoa upya sehemu isiyosomeka, hata pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari wa kusomwa, unaoizunguka diski. Pengo likizidi hapo, deki hukisia sauti iliyokosekana kwa kutazama ya kabla na ya baada yake. Ni pale tu ukisiaji unaposhindikana ndipo tunaposikia mikatiko na mirukio. Maana yake ni kwamba diski inaweza kuwa inaoza kwa miaka huku masikio yetu yakituhakikishia kuwa iko salama, na siku tunayousikia ugonjwa huwa tumechelewa sana. Muundo huo ndio unaofanya tushauriwe kufuta CD kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaokata mistari hurekebishwa kwa urahisi kuliko ule unaofuata mstari mmoja kwa urefu.

Je, kuoza huko kunatoka wapi? Wengine husema ni vijidudu, wengine ni joto. Mara nyingi ni kemia: vanishi isiyoziba sawasawa huruhusu hewa na unyevu kuufikia utando wa metali. Mfano unaofahamika sana ni wa kiwanda cha kampuni ya kutengeneza diski ya PDO, kilichokuwa Blackburn, Uingereza, ambacho kati ya miaka ya 1988 na 1993 kilitoa CD zilizogeuka rangi ya shaba. Vanishi yake haikuweza kuzuia salfa iliyomo katika karatasi za vifuko na vijitabu, na metali ikaathirika, rangi hiyo ikianzia ukingoni na kuingia ndani. Hapo kosa lilikuwa la utengenezaji, na mwenye diski asingeliweza kulizuia kabisa hata kwa uangalifu wa hali ya juu.

CD za kuchoma nyumbani, yaani tupu tunazoziandika wenyewe kwa kompyuta, ni jambo jingine kabisa, ingawa watu huzihesabu kuwa sawa na za kiwandani. Hizi hazina vishimo vilivyochapwa. Muziki wake umeandikwa katika tabaka la rangi ya kikemikali ambalo jua na joto hulififisha. Mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulizitajia diski za kuandikwa mara moja miaka 100 hadi 200, zikihifadhiwa inavyotakiwa. Naiheshimu kazi hiyo, lakini msomaji aelewe kwamba tarakimu za namna hiyo hutokana na kuziweka diski katika joto na unyevu mkali kwa muda mfupi, kisha kukadiria. Hakuna aliyeishuhudia CD ya miaka 100. Iliyoachwa dirishani au ndani ya gari inaweza kufa mapema mno.

Kwa kuwa CD husomwa kutoka katikati kuelekea nje, na uozo wa aina ya Blackburn huanzia ukingoni, anayetaka kujua hali ya diski iliyojaa asianze na wimbo wa kwanza. Aucheze wa mwisho hadi tamati, na ukisikika safi, ainakili diski nzima kwenye kompyuta siku hiyo hiyo, kwa programu inayoonyesha makosa ya usomaji, kisha airudishe kwenye kasha lake, mahali pakavu na penye kivuli.